Kijiji Kilichohamia Karakana

Asubuhi hiyo Mwanahija, fundi redio, alipata taarifa kwamba kampuni iliyomkodisha seva ingefunga kazi adhuhuri. Seva yenyewe ilikuwa kompyuta ya nchi ya mbali, isiyozimwa, na ndani yake kiliishi kijiji cha mchezo ambamo yeye na kaka yake Shauri walikutana kila siku. Shauri alikuwa amelazwa ng'ambo mwezi wa tano sasa, na miguu yake haikumbeba tena. Kijijini alitembea.

"Basi kimekwisha," Shauri alisema kwenye simu.

"Hakijaisha kitu. Tulichokodi ni kiwanja, kaka. Kijiji ni chetu, ni mafaili tu, nami nimeshayapakua yote."

Aliifuta vumbi kompyuta kuukuu ya karakana, akaiunganisha na intaneti, akakiweka kijiji humo. Kilichobaki ni ruta, kisanduku kinachogawa intaneti ya karakana, ambacho hakikumruhusu mtu wa nje kuingia. Mwanahija akafungua mipangilio ya ruta, akaacha njia moja tu wazi, ile ya mchezo, kisha akamsomea kaka yake anwani mpya, tarakimu moja moja.

"Haya, ingia."

"Na isipokubali?"

"Itakubali."

Saa sita ikapita. Kwenye kioo nyumba zilisimama tupu juani. Kisha jina la Shauri likatokea, na mtu wake chini yake. Akageuka huku na huku, akaipita nyumba ya mwisho, akaanza kuupanda mlima ambao hawakuwahi kuufikia.

Mwanahija akavuta kiti, akamfuata.