Alizeti za Njia ya Lectoure

"Alizeti zimechanua kweli mwaka huu," alisema Fernand, akiendesha.

Nikatazama nje. Shamba lilikuwa limelimwa tu, mabonge makavu ya udongo hadi juu kilimani.

Kila Julai, kwa miaka arobaini na moja, mume wangu amenipitisha njia hii tukienda kula kwa dada yake mjini Lectoure, na kila mwaka alizeti zilikuwa hapo kulia. Safari hii mwenye shamba hakupanda.

"Nzuri sana," nikajibu, kisha nikamtazama usoni. Hakuwa akiiangalia barabara; alikuwa akiisikiliza. Tairi za kulia zilikwaruza nyasi za ukingoni, naye akaurudisha usukani taratibu, kama mtu anayepapasa ukuta gizani.

"Simamisha gari."

"Vipi, bibie, divai ya asubuhi imekubana?"

"Simamisha, Fernand."

Akasimamisha, akazima injini. Joto likaingia madirishani pamoja na kelele za nyenje.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka. Ningekwambia, tusingetoka tena nyumbani. Wewe huwezi kuendesha."

"Ungetuua."

"Njia hii naijua, mke wangu. Kona zote."

"Na yule mama wa baiskeli tuliyempita pale darajani?"

Akanigeuzia uso. "Mama gani?"

"Nipe ufunguo," nikasema.

Akauchomoa bila ubishi, akaninyooshea. Lakini aliunyoosha kwenye kioo cha mbele, ikabidi nipeleke mkono wangu huko kuupokea.