Ukili wa Miyaa Miwili

Tangu sheria iamuru kwamba kila sanaa iliyoonyeshwa na "Mikono ya Pwani" ifanywe vilevile ilivyoonekana, mfululizo huo mkongwe wa televisheni ndio uliokuwa na neno la mwisho mjini Wete. Mkeka uliotofautiana nao ulichukuliwa na wakaguzi, na msukaji akapokonywa kibali.

Bi Mwanakombo aliyajua hayo. Hata hivyo, ukili, ule utepe wa miyaa ya mkindu wa kushonea mkeka wa harusi ya mjukuu wake, Raya, aliusuka kama alivyofundishwa na mama yake.

"Bibi, umekosea," alisema Raya. "Kwenye kipindi, mama yako anaruka miyaa mitatu. Wewe unaruka miwili."

"Mama yangu unanielezea wewe? Siku ile wapiga picha walimzunguka na mataa yao, akababaika. Walipoondoka aliufumua ukili wote, huku akijicheka. Lakini picha walikwisha kwenda nazo."

"Na wakaguzi wakija?"

"Waje. Hutalalia mkeka wenye kosa la mtu aliyeona haya." Akampa ukili. "Shika. Nikipokonywa kibali, lazima abaki anayejua."

Raya aliketi, akanyoosha miguu. Alikuwa amekitazama kipindi kile tangu utotoni, na vidole vyake vilikwenda upesi, kwa ustadi, bila kutazamwa. Viliruka mitatu. Alishtuka, akaanza upya, akihesabu kwa sauti: moja, mbili.

Vidole viliruka mitatu.

"Fumua," alisema Bi Mwanakombo kwa upole. "Tuna mchana kutwa."