Kovu la Kidevuni

Mchoraji aligeuka akamkuta mama yake nyuma ya kiti, kitambaa cha vyombo begani. Hakuwahi kuificha skrini; maji yalikuwa yameshamwagika.

Kwenye skrini, katika filamu aliyokuwa akiichorea, serikali ilikuwa ikimfuta raia mkaidi. Nyusi zilimomonyoka kuwa vumbi kwanza, kisha mashavu, mwishowe kovu la kidevuni. Sura zote za kubuni mwongozaji alizikataa, eti zimepoa kama sanamu za dukani. Ndipo mchoraji akampa raia huyo sura ya mdogo wake, aliyetoka nyumbani mwaka juzi na hadi leo hajulikani aliko.

"Mrudishe," mama alisema.

Akairudisha filamu nyuma. Vumbi likajikusanya, kovu la kuangukia ndoo likarejea, kijana akawatazama.

"Mwache hapo hapo, baba."

Simu ikaita. Akaipokea kwa spika.

"Kazi safi, ndugu yangu," mwongozaji alisema. "Ila anaisha upesi mno. Mfute polepole, watu waumie."

Mama alikuwa ameweka kiganja juu ya lile shavu, kwenye kioo chenye joto.

"Muulize," alinong'ona, "kama kovu linaweza kubaki."