Mzinga wa Mbele

Hakuna aliyeruhusiwa kuuegemea mzinga wa mbele wa manowari. Jabez Trembath alilisema hilo kila siku, na asubuhi ile alilirudia kwa ukali, kwa maana baharia mmoja alikuwa ameweka kikombe cha chai ya moto juu ya mtutu wake.

"Ondoa kikombe hicho, bwana! Unaniharibia rangi."

"Rangi, rangi! Kwani umeuoa mzinga huu?"

"Afadhali mke huyu kuliko sura yako."

Wenzake walicheka, wakaenda zao kunywa chai mahali pengine. Jabez alibaki peke yake sitahani. Alichovya brashi katika kopo la rangi ya kijivu, akalifuta taratibu lile duara lililoachwa na kikombe. Ndivyo siku zake zilivyopita: wengine wakicheza karata chini, yeye juu na brashi yake.

Kabla ya vita alikuwa akiunda mashua huko Porthleven, pwani ya Uingereza, kama baba yake. Manowari ya kaka yake, Digory, ilipozama na watu wake wote, Jabez aliweka randa chini, akaenda kujiandikisha, akaomba apewe mzinga. Ofisa aliitazama mikono yake, akamwuliza kazi yake, kisha akatabasamu. "Wewe ndiye hasa tunayemtafuta," alisema.

Siku ya kuondoka, mama yake alimshika mkono wa koti mlangoni.

"Bahari imenila mtoto mmoja, Jabez. Wewe huko utalindwa na nini?"

"Nitakuwa na mzinga, Mama. Mrefu kuliko mashua ya baba."

"Basi huo mzinga wako unirudishie mwanangu."

"Utanirudisha, Mama. Nakuahidi."

Alipoahidi hakuwa bado ameuona. Sasa alikuwa akiuona tangu macheo hadi machweo, na kila alipoikumbuka ahadi ile, alisikia haya usoni. Mzinga wake haukuwahi kupigwa hata mara moja.

Manowari yao ilitia nanga pembeni kabisa mwa ghuba, kule visiwa vya Orkney, mbali na nyingine. Hawakuruhusiwa kushuka pwani, wala kutembeleana na mabaharia wa manowari jirani. Siku za mazoezi, mizinga ya wenzao ilinguruma ng'ambo ya vilima hata vikombe vyao vikacheza mezani. Wao walisikiliza tu. Siku moja mashua ya manowari jirani ilipita karibu, na kijana mmoja akasimama akaweka viganja kinywani.

"Nyinyi huko! Mbona mizinga yenu imelala? Mwaogopa kuwaamsha watoto?"

Jabez aliushika ukingo kwa mikono miwili. Majibu yalimjaa kinywani, ila kunyamaza kulikuwa amri. Mzee Rundle, msimamizi wa mabaharia, ndiye aliyeifukuza mashua ile kwa matusi ambayo hayangefaa kanisani.

"Mzee," Jabez alimwuliza baadaye, "hivi kazi yetu sisi ni nini hasa?"

"Kuonekana, mwanangu. Mjerumani akituona kwa mbali, akageuza akarudi kwao, tumeshinda."

"Na asipogeuza?"

Rundle alikung'uta kiko chake. "Basi uwe unajua kuogelea."

"Sijui."

"Hata mimi sijui."

Walicheka kidogo, kisha kila mmoja akatazama upande wake.

Mwezi wa Mei walipewa amri ya kutoka. Walielea polepole katika Bahari ya Kaskazini, wakatoa moshi mwingi kuliko ilivyohitajika, wakageuka, wakarudi walikotoka, wakageuka tena. Mvua ilinyesha. Jabez aliufunika mzinga kwa turubai, akakaza kamba, akakaa kando yake akitazama maji matupu. Alijaribu kufikiri maneno ambayo atamwambia mama yake atakapomwuliza juu ya mzinga ule.

Adui aliwaona, wala hakugeuza. Alikuja chini ya maji.

Kishindo kilimtupa Jabez kifudifudi. Manowari iliinama ubavu mara moja, na mawe yaliyojazwa tumboni mwake ili ikae chini majini yakasikika yakiporomoka upande mmoja, ngurumo juu ya ngurumo. Watu walikimbilia mashua ya upande wa kushoto. Rundle alikuwa tayari ndani yake, akiwavuta wenzake kwa kola na kulitaja jina la kila mmoja.

"Trembath! Uko wapi, Trembath!"

Jabez alipiga hatua tatu, na sitaha ikamponyoka miguuni.

Maji yalikuwa baridi kiasi cha kumkata pumzi. Alizama, akaibuka, akazama tena. Alipoibuka, mashua ilikuwa mbali, nayo manowari ilikuwa ikienda chini kwa mlio mrefu. Alipapasa huku na huku. Palikuwa na maji tu. Akamwona mama yake mlangoni, ameshika mkono wa koti usio na mtu. Mimi ndiye niliyekudanganya, Mama, aliwaza. Mzinga hauna kosa.

"Mzinga, mwanangu!" Sauti ya Rundle ilimfikia juu ya mawimbi, imekwishakauka kwa kupiga kelele. "Shika mzinga wako!"

Kando yake maji yalifunguka, na mzinga wa mbele ukaibuka, mwepesi kama kizibo cha chupa, turubai ikiburutika nyuma yake. Rangi ya kijivu ilikuwa imebanduka ubavuni, na chini yake vikaonekana vichwa vya misumari aliyoipigilia kwa nyundo yake mwenyewe. Jabez akaukumbatia kwa mikono yote miwili, akalaza shavu lake juu ya mbao.