Msanifu wa Mama Mkwe

Mama mkwe alimfukuza mchoraji ramani wa kwanza kabla hajamaliza chai.

Kosa lake lilikuwa kusema, "Msijali, watu wa manispaa ni rafiki zangu. Watapitisha tu."

"Kwangu hakuna mambo ya kupitisha tu," bibi huyo alimjibu, akamwondolea kikombe. "Nataka msanifu majengo hasa, anayezijua sheria za ujenzi moja baada ya nyingine."

Mwalimu, mke wa mwanawe, aliinamisha kichwa asionekane alivyonuna. Tangu aolewe alikuwa akiishi katika chumba kimoja cha nyumba hiyo, kitanda chao na cha mama mkwe vikitenganishwa na ukuta mwembamba. Wakicheka, upande wa pili mtu anakohoa. Wakinong'ona, anakohoa vilevile. Na sasa mumewe, mtoto wa pekee, alitaka kujenga ghorofa juu ya nyumba ya mama yake ili waishi hapo mpaka uzeeni. Walibishana kitandani kwa sauti ya chini mpaka mume akakubali jambo moja: manispaa wakikataa, watahama wakapange kwingine.

Ndiyo maana mchoraji yule mbabaishaji alimfaa sana Mwalimu. Ramani yake ingerudishwa siku hiyo hiyo. Lakini bibi kizee hadanganyiki.

Msanifu aliyepatikana alikuwa mwanamke mfupi, mpole, asiyecheka ovyo. Alipima nyumba kuanzia barazani hadi uani, akachimba pembeni ya msingi, akagonga nguzo. Mama mkwe alimfuata kama mkia.

"Msingi utabeba kweli? Nyumba ya zamani hii."

"Tutaongeza nguzo, mama. Utabeba."

"Na jirani? Si sheria inataka tumwachie nafasi?"

"Ghorofa tutairudisha nyuma kidogo. Haitamgusa."

"Ngazi je? Nasikia nyembamba hawazitaki."

"Itapita nje, upande wa tangi la maji. Pale pana nafasi ya kutosha."

Mwalimu alisikiliza kutoka jikoni, kisu mkononi, kitunguu hakikatiki. Kila tundu aliloliona la kutokea, msanifu aliliziba kwa upole, na mama mkwe akaenda kumwonyesha lingine. Alimchukia bibi huyo siku ile kuliko siku zote.

Kibali kilitoka bila hata sahihisho moja. Msanifu alikileta mwenyewe, na mume akakipeperusha sebuleni kama bendera.

"Mama, umeona? Penye nia pana njia!"

"Hongera, mwanangu," alisema mama yake, akaketi.

Mwalimu alitoka uani kuanua nguo, maana machozi yalikuwa karibu. Alikuwa amesimama nyuma ya shuka lililoanikwa aliposikia mama mkwe akimsindikiza msanifu getini.

"Binti yangu, hata kosa moja hukuliona?" Sauti ya bibi ilikuwa ndogo, imechoka. "Hata dogo?"

"Hakuna, mama. Si ulitaka msanifu anayejua sheria?"

"Nilitaka anayejua kukataa. Kuta zetu nyembamba, binti yangu. Nilimsikia mwanangu kwa masikio yangu akimwahidi mkewe: manispaa wakikataa, wanahama."

Nyuma ya shuka, mtu akakohoa.