Rais Atembelea Maabara

"Mbona kimya?" Profesa Kuramochi aliuliza mlangoni, mguu mmoja umeshaingia kwenye sapatu za wageni alizowekewa.

Wiki moja ya urais wa chuo kikuu ilikuwa imemchosha kwa hotuba. Alikuja maabara yake ya zamani kusikiliza ngurumo ya mtambo wake wa baridi, uliochukua miezi minane kupoa kwa ajili ya jaribio la mwisho la maisha yake.

Wanafunzi waliinama, nywele zikagusa magoti.

"Tumeuzima, Mheshimiwa Rais," alisema mkubwa wao, kama anayesubiri nishani. "Ili usikupigie kelele. Hata feni tumezima!"

Juzijuzi tu mwanafunzi huyo alikuwa akimwita Mwalimu.

Adabu ilidai shukrani. Kuramochi akainama. Kutoka kwenye barafu ya bomba la mtambo, iliyoanza kuyeyuka, tone la maji likamdondokea kisogoni.