Saa ya Mzee Henrik

Siku hizi kila kaya iliyochimbiwa kisima cha msaada hupangiwa mzee mmoja mpweke wa ng'ambo, wa kuzungumza naye saa nzima kila jioni. Nyemo alipangiwa Mzee Henrik, wala hakulalamika. Mtoto wake wa kwanza aliuawa na maji machafu ya korongoni. Wa pili ana miaka minne sasa, na ana afya njema.

"Asante kwa maji, baba," Nyemo alisema, na simu ikatafsiri.

"Asante wewe, binti yangu. Leo sijasikia sauti nyingine ila yako."

Kila mmoja alisema kwa moyo wake wote.

Alipozima simu, mama mkwe wake, Bibi Mbeleje, alimwita kutoka mkekani. "Mwanangu, na mimi nikihamia huko kwao, utanipa saa yangu?"

Wakacheka wote wawili. Nyemo akaketi na kuanza kumkanda miguu, akashtuka. Vifundo vilikuwa vimevimba.

"Mama! Tangu lini?"

"Tangu mavuno," bibi akajibu kwa upole.

Huko mashambani, majirani walikuwa wameshaanza kupanda mbegu za msimu mwingine.